Namna ya Kuchagua Kampuni ya Kuhifadhi Tovuti Ukiwa Nairobi

Mfanyabiashara wa Nairobi anayetafuta kampuni ya kumhifadhia tovuti hakosi wa kumuuzia. Matangazo yamejaa kila mahali, na karibu yote husema mambo yale yale: nafasi isiyo na kikomo, kasi ya ajabu, huduma kwa wateja saa 24, na bei ya mwaka wa kwanza inayovutia macho. Kwa kuwa ahadi zinafanana, haziwezi kumsaidia mtu kuchagua. Kampuni hutofautiana katika mambo mawili ambayo matangazo huyapita kimya. La kwanza ni jinsi kampuni inavyotenda siku seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, inapozima, na la pili ni urahisi wa mteja kuondoka na mali yake siku anapoamua kuhama. Ningependa uanze na hilo la pili, hata kabla ya kuuliza bei.

Jina la kikoa liwe lako

Jina la kikoa, yaani ile anwani ambayo wateja huiandika ili wafike kwenye tovuti yako, ni mali tofauti na nafasi ambamo tovuti inahifadhiwa. Unaweza kulisajili kwa kampuni moja na kuhifadhi tovuti kwa kampuni nyingine, na kwa biashara yoyote inayotegemea tovuti yake mimi hushauri hivyo, kwa sababu ugomvi na mwenye seva hautaweza kugusa jina. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, ambayo huorodhesha wasajili walioidhinishwa kwenye tovuti yake. Jina la .co.ke ni la biashara, .or.ke ni la mashirika yasiyo ya kibiashara, .ac.ke ni la vyuo na .sc.ke ni la shule. Tangu mwaka 2017 imewezekana pia kusajili jina linaloishia na .ke peke yake. Kampuni isiyokuwa kwenye orodha hiyo bado inaweza kukuuzia jina, lakini italipitishia kwa msajili mwingine, nawe utakuwa umejiwekea mtu wa kati ambaye siku ya shida huenda asipatikane.

Hatari kubwa zaidi haitokani na kampuni bali na namna tovuti nyingi za mjini zinavyoanzishwa. Chukua mwenye duka la vitambaa katika barabara ya Biashara, ambaye ametengenezewa tovuti na kijana aliyependekezwa na jirani. Kijana husajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, hulilipia kwa simu yake, humkabidhi mwenye duka tovuti iliyokamilika, na wote wawili huridhika. Miaka miwili baadaye kijana amepata kazi Dubai, ilani za malipo zinaingia kwenye sanduku la barua asilolifungua tena, na jina linakwisha muda bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Mwenye duka akipiga simu kwa msajili huambiwa kwa upole kwamba hatambuliki kuwa mwenye jina, na msajili hawezi kulaumiwa kwa jibu hilo.

Ukaguzi wake ni rahisi. Fungua ukurasa wa WHOIS wa KeNIC, yaani daftari la wazi la majina yaliyosajiliwa, andika jina lako la kikoa, kisha usome kwa makini sehemu zinazoonyesha msajili ni nani, jina lilisajiliwa lini, litakwisha lini, na linaelekezwa kwenye seva zipi. Taarifa za mwenye jina zinaweza kuwa zimefichwa kwa ajili ya faragha. Zikiwa zimefichwa, mwombe msajili akuthibitishie kwa barua pepe kwamba mwenye jina ni wewe au kampuni yako, na kwamba barua pepe ya mawasiliano ni unayoidhibiti. Usitumie barua pepe iliyo chini ya jina lile lile, kwa maana jina likizima, barua pepe huzima nalo, na ilani iliyokusudiwa kukuokoa haitakufikia.

Baada ya hapo, muulize muuzaji swali hili kwa maandishi: nikitaka kuhamisha jina langu, nitapewaje msimbo wa uhamisho wa EPP (neno la siri linaloruhusu jina lihamie kwa msajili mwingine), baada ya muda gani, na je, kuna ada? Kampuni nzuri itajibu kwa sentensi moja au mbili, pengine ikuonyeshe mahali pa kubonyeza ndani ya akaunti ili ujipatie msimbo mwenyewe. Kampuni inayoanza kukuuliza kwa nini unafikiria kuondoka ilhali hujaingia imekwisha kujibu. Kwa majina ya .com na ndugu zake, fahamu kwamba jina kuzuiwa kuhama kwa siku 60 baada ya kusajiliwa ni utaratibu wa kawaida wa kimataifa, kwa hiyo usimshuku muuzaji kwa hilo.

Seva iko wapi hasa?

Kampuni yenye jina la Kenya na ofisi Westlands si lazima iwe na seva Kenya. Nyingi hukodi seva Ujerumani, Uingereza au Marekani, na hilo si kosa mradi waseme ukweli wanapoulizwa. Ombi kutoka simu iliyoko Nairobi kwenda seva iliyoko Nairobi hupata jibu kwa milisekunde chache. Likienda Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya milisekunde mia moja, na Marekani zaidi ya mia mbili. Ukurasa wa duka la mtandaoni unaweza kuhitaji maombi mengi yanayosubiriana, hivyo ucheleweshaji hujumlika hadi mteja auone kwa macho, hasa akiwa ndani ya matatu na mtandao wenyewe unayumba.

Kuna faida nyingine ambayo huonekana siku mbaya tu. Kituo cha KIXP, kinachoendeshwa na TESPOK, chama cha watoa huduma za teknolojia nchini, kilianzishwa mwaka 2000 ili mawasiliano ya intaneti kati ya Wakenya yabadilishwe humu humu nchini badala ya kuzungushwa ng'ambo na kurudi. Mnamo Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo. Katika hali kama hiyo, seva iliyo katika kituo cha data cha Nairobi chenye muunganisho wa KIXP huendelea kufikiwa na wateja wa humu mjini, ilhali ile ya ng'ambo hungojea nafasi katika nyaya zilizobaki.

Hata hivyo, usiligeuze jambo hili kuwa uzalendo. Kampuni ya safari ambayo wateja wake wako Ujerumani na Marekani haina sababu ya kung'ang'ania seva ya Nairobi. Jiulize kwanza wateja wako wako wapi, kisha umuulize muuzaji jina la kituo cha data. Liwe jina la kituo unachoweza kukitafuta na kukipata, kama vile Africa Data Centres ya Nairobi, wala si jibu la kwamba seva ziko ofisini kwetu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Seva iliyo kwenye chumba cha nyuma cha ofisi, pamoja na betri yake ya dakika arobaini, haikuundwa kwa usiku wa namna hiyo.

Ikiwa tovuti yako hukusanya taarifa za watu, kama vile majina, namba za simu au anwani za kupelekewa bidhaa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu moja kwa moja. Wewe ndiwe mdhibiti wa data, na kampuni inayokuhifadhia tovuti ni mchakataji anayefanya kazi kwa niaba yako; sheria inataka pawe na mkataba wa maandishi kati yenu. Data ikivuja na kuhatarisha wenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, naye mchakataji anatakiwa kukuarifu wewe bila kukawia, ndani ya saa 48 inapowezekana. Uliza kampuni ina mkataba gani wa aina hiyo. Nyingi ndogo zitakuambia hazijawahi kuulizwa, nami sioni kwamba jibu hilo peke yake litoshe kuzikataa. Lakini kampuni iliyo na mkataba tayari imeonyesha kwamba kuna mtu ndani yake anayesoma sheria.

Asilimia na maana yake kwa shilingi

Ahadi ya kuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda inaruhusu takribani dakika 43 za kuzima kila mwezi. Asilimia 99 kamili inaruhusu zaidi ya saa saba kwa mwezi, yaani siku nzima ya kazi, ingawa kwenye karatasi namba hizi mbili huonekana karibu sawa. Soma pia kisichohesabiwa: matengenezo yaliyopangwa kwa kawaida huondolewa, na kinachopimwa huwa ni seva, si tovuti yako, kwa hiyo hifadhidata yako inaweza kulala huku seva ikihesabiwa kuwa nzima.

Kisha tafuta fidia. Tuseme unalipa shilingi 6,000 kwa mwaka, sawa na 500 kwa mwezi, na mkataba unasema utarudishiwa sehemu ya ada inayolingana na muda uliopotea. Tovuti ikizima siku nzima, haki yako ni kama shilingi 17, nayo itatolewa kwa kupunguzwa kwenye ankara ijayo. Asilimia hiyo basi haikulindi kwa lolote. Inachoonyesha ni kiwango ambacho kampuni iko tayari kujifunga nacho, na hapo tu ndipo thamani yake ilipo.

Kipimo bora ni chako mwenyewe. Lipia mwezi mmoja tu, weka ukurasa mdogo, kisha uufungulie akaunti katika huduma kama UptimeRobot, ambayo hata kwenye mpango wake wa bure hukagua kila dakika tano na kukutumia barua pepe ukurasa usipojibu. Wiki chache za kumbukumbu hizo zitakupa picha ambayo hakuna tangazo litakalokupa. Kampuni isiyokubali malipo ya mwezi na inayodai miaka mitatu kwa pamoja inakunyima nafasi ya kufanya jaribio hili, na ndiyo maana punguzo lake ni kubwa.

Nakala za akiba

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza mojawapo ya majengo ya kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kampuni ambayo ni miongoni mwa wakubwa wa kazi hii barani Ulaya. Baadhi ya wateja walipoteza tovuti pamoja na nakala zake za akiba, kwa sababu nakala nazo zilikuwa zimehifadhiwa hapo hapo. Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba kuna nakala za kila siku, usiishie kwenye ahadi hiyo. Uliza zinawekwa katika jengo gani, zinatunzwa kwa siku ngapi, na kama unaweza kuzirejesha mwenyewe au lazima uombe. Ada ya kurejesha nayo iulize sasa. Kampuni nyingine huhifadhi nakala bure lakini hutoza kuzirudisha, jambo ambalo mteja hulijua siku ambayo hawezi tena kubishana.

Hata majibu yakiwa mazuri, pakua nakala yako mwenyewe angalau mara moja kwa mwezi, mafaili pamoja na hifadhidata, na uiweke mahali pasipohusiana na kampuni hiyo. Wakati wa kipindi cha majaribio, futa ukurasa wako kwa makusudi na uombe urejeshwe. Hiyo ndiyo njia ya pekee ya kujua kama nakala zao hufanya kazi.

Nafasi, barua pepe na M-Pesa

Kuhusu aina za huduma sitakaa sana. Seva ya pamoja, inayobeba tovuti za wateja wengi, ni kama ploti yenye tangi moja la maji: jirani mmoja akifungulia mfereji wake siku nzima, wa ghorofa ya juu hukosa. Kwa tovuti ya kawaida ya biashara ndogo, seva hiyo inatosha; duka lenye wanunuzi wengi kwa wakati mmoja lihamie kwenye seva pepe, yaani sehemu ya seva iliyotengewa mteja mmoja. Neno "isiyo na kikomo" halina maana, kwa kuwa kikomo halisi hukaa kwenye idadi ya mafaili na kwenye kiasi cha kichakataji na kumbukumbu unachoruhusiwa kutumia, na viwango hivyo huandikwa chini kabisa ya masharti. Cheti cha usalama cha kawaida, kinachoiwezesha tovuti kutumia HTTPS ili mawasiliano yake yasisomwe njiani, hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt, kwa hiyo anayekutoza pesa kwa cheti cha msingi akueleze unalipia nini.

Barua pepe yastahili uangalifu zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa hapa hutuma ankara na nukuu za bei kwa anwani za tovuti zao. Kwenye seva ya pamoja, jirani anayetuma barua taka anaweza kuifanya anwani ya seva nzima iingizwe kwenye orodha ya watumaji waliozuiwa, na ankara zako zikaishia kwenye kasha la taka la mteja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti ya SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi za kikoa zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kwa watumaji wa barua nyingi. Omba kampuni ikuwekee rekodi hizo, na uulize inafanya nini anwani ya seva yake inapozuiwa. Biashara inayoishi kwa barua pepe ni afadhali ilipie huduma ya barua peke yake, mbali na tovuti.

Ikiwa unapokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, Safaricom hutuma matokeo ya kila malipo kwenye anwani ya tovuti yako, ambayo sharti iwe ya HTTPS. Seva ikiwa imezima dakika hiyo, pesa za mteja zimetoka na ujumbe wa M-Pesa anao mkononi, lakini duka lako halijui kwamba amelipa. Baadhi ya kuta za ulinzi za seva za pamoja huzuia ujumbe wa namna hiyo kwa kudhani ni shambulio. Uliza waziwazi kama wana wateja wanaotumia Daraja, na umwambie mtengenezaji wa tovuti aweke njia ya kuuliza hali ya malipo upya pale jibu lisipofika.

Bei, na mtu anayepokea

Bei ya kulinganisha ni ile ya mwaka wa pili, ikiwa pamoja na VAT ya asilimia 16. Kampuni zinazotoza kwa dola zina hatari yake: Januari 2024 dola moja ilifika takribani shilingi 160, kisha miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130, na mteja aliyelipa mwaka mzima kwa wakati mbaya alijikuta ameongezewa gharama bila kampuni kubadilisha bei. Jambo jingine ni kodi: tangu Januari 2024 gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili KRA iikubali, kwa hiyo kampuni ya humu nchini isiyoweza kukupa ankara hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana. Uhai wa kampuni yenyewe unaweza kuukagua kwa kuomba taarifa zake katika Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen.

Kabla ya kulipa mwaka mzima, ijaribu huduma kwa wateja saa ambazo watu hawapendi kufanya kazi. Jumamosi saa tatu usiku, tuma ujumbe kama huu: "Habari za jioni. Nina tovuti ya WordPress inayotumia PHP 8.2 na hifadhidata ya megabaiti 900. Je, mpango wenu mdogo una kikomo gani cha kumbukumbu, na mnaweza kunihamishia?" Ukijibiwa "Sawa boss, karibu sana, lipa tu tutakusort", umepata mtu mkarimu asiyejua kazi. Ukijibiwa kikomo ni kiasi fulani, hifadhidata hiyo itaingia au haitaingia, na kwamba uhamisho utafanywa na fundi siku fulani, umepata kampuni ambayo kuna mtu macho. Jibu la ukweli linalochelewa saa mbili mimi hulipendelea kuliko tabasamu la dakika moja.

Ukishachagua, usihame kwa pupa. Siku moja kabla ya kuhama, shusha muda wa TTL wa rekodi za kikoa (muda ambao mitandao huikumbuka anwani ya zamani kabla ya kuuliza upya) hadi sekunde 300 ili mabadiliko yaenee haraka. Hamisha mafaili na hifadhidata, jaribu tovuti kwenye seva mpya kabla wateja hawajaiona, fanya malipo madogo ya M-Pesa ili uone kama matokeo yanafika, kisha ndipo ugeuze rekodi. Akaunti ya zamani iache iendelee kwa wiki nne hivi, kwa kuwa barua pepe zilizokuwa njiani na mafaili yaliyosahaulika hugunduliwa taratibu. Baadaye zima malipo yake ya kujirudia, na uandike tarehe za kwisha kwa jina na kwa nafasi katika kalenda za watu wawili ofisini, kila moja kwa onyo la siku thelathini kabla.